Njia Nne za Maji: Mwongozo wa Kutambua na Kurekebisha Unyevu katika Kuta za Nyumba

Miongoni mwa kasoro za nyumba ambazo mwenyewe anaweza kuzirekebisha, ni chache zinazorekebishwa mara nyingi na vibaya kama rangi inayobanduka na lipu inayomomonyoka kwenye kuta zenye unyevu. Desturi iliyozoeleka ni kukwangua sehemu iliyoharibika, kuiziba kwa jasi, kupiga msasa na kupaka rangi mpya. Na kwa kuwa kazi hiyo hufanywa ukuta ukiwa bado umelowa kwa ndani, masika yanayofuata huirudisha kasoro ile ile mahali pale pale, pengine ikiwa pana kuliko mwanzo. Kosa huitangulia brashi: kazi huanzwa kabla haijajulikana maji yanatoka wapi.

Maji huingia ukutani kwa njia nne, nazo ni ardhi iliyo chini ya msingi, mvua inayopita kwenye paa au kupiga ukuta wa nje, mabomba na vyombo vya maji vilivyomo nyumbani, na hewa yenyewe, ambayo hubeba mvuke na kuutua juu ya kitu chochote chenye ubaridi. Kila njia ina tiba yake, na tiba ya moja haifai kwa nyingine, kwa kuwa kubadilisha mabati hakuwezi kukausha ukuta unaonyonya maji ya ardhini, na kuchimba kandokando ya msingi ni hasara tupu iwapo linalovuja ni bomba lililozikwa ndani ya matofali.

Dalili ya kwanza ya kusoma ni mahali doa lilipo na umbo lake. Unyevu unaopanda kutoka ardhini huacha mstari wa mlalo, unaofanana na ule unaoachwa na maji kujaa na kupwa, na kwa kawaida mstari huo hauzidi mita moja hivi kutoka sakafuni. Chini yake rangi huvimba, lipu hulainika, na mara nyingi huonekana unga mweupe ambao ni chumvi. Maji ya paa huanzia juu, penye dari au kichwa cha ukuta, na doa lake huwa na pete za kahawia zinazopanuka kila baada ya mvua. Maji ya bomba hayajali majira: doa linaloendelea kukua katika kiangazi kikavu, hasa kwenye ukuta unaopakana na bafu au jiko, ni la kushukiwa kuwa ni la bomba. Mvuke wa hewani, nao, huzaa kuvu nyeusi kwenye pembe za vyumba, nyuma ya makabati na popote ambapo hewa haizunguki, jambo linaloonekana zaidi katika miji ya nyanda za juu kama Nairobi na Arusha katika miezi ya baridi kuliko katika miji ya pwani.

Dalili hizo huelekeza, lakini hazithibitishi, na kwa hiyo inafaa kufanya majaribio machache yasiyo na gharama. La kwanza ni la kipande cha nailoni angavu chenye upana wa sentimita 40 hivi, ambacho hubandikwa ukutani kwa tepu pande zote nne hadi hewa isiweze kupita, kisha huachwa kwa siku moja au mbili. Matone yakionekana upande wa nailoni unaotazama chumba, maji yametoka hewani; yakionekana upande unaotazama ukuta, yametoka ndani ya ukuta, na hapo shaka hubaki baina ya ardhi, mvua na bomba. La pili huondoa shaka ya bomba: koki zote hufungwa wakati wa usiku, tangi likiwa limejaa na boya lake limeziba, namba za mita ya maji huandikwa, na asubuhi, kabla ya mtu yeyote kutumia maji, husomwa tena. Namba zikiwa zimesogea, kuna mahali maji yanapotea. Ikumbukwe kwamba katika nyumba inayopata maji kutoka kwenye tangi la juu, mita haioni uvujaji uliopo baada ya tangi. Katika nyumba hiyo kinachopimwa ni kina cha maji ndani ya tangi lenyewe, baada ya kufunga koki inayoliingizia maji. Tangi dogo la choo cha kuvuta hupimwa kwa kutia rangi ya chakula ndani yake na kungoja nusu saa bila kuvuta maji: rangi ikijitokeza kwenye bakuli, mpira wa kuzibia umechoka.

Njia ya ardhini ndiyo inayohitaji maelezo marefu zaidi, kwa sababu ndiyo inayoeleweka kidogo. Tofali la saruji, tofali la kuchoma, jiwe la matumbawe na lipu vyote vina vinyweleo, yaani vijitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, na maji hupanda ndani ya vinyweleo hivyo kama mafuta ya taa yanavyopanda ndani ya utambi. Ili kuyazuia, mjenzi huweka tabaka lisilopitisha maji baina ya msingi na ukuta, ambalo mafundi wengi hulitaja kwa herufi tatu tu, DPC, nalo huwa ni nailoni nzito au karatasi iliyopakwa lami, iliyotandazwa angalau milimita 150 juu ya usawa wa ardhi ya nje. Nyumba nyingi za zamani hazina tabaka hilo kabisa. Nyingine, ambazo pengine ndizo zinazosikitisha zaidi, zinalo lakini limeshindwa na mambo yaliyofanywa baadaye: uani pameongezwa kifusi na kutandazwa vitofali hadi usawa wa ardhi ukapita tabaka, au bustani ya maua imelundikiwa udongo ukutani, au lipu ya nje imeteremshwa hadi ikagusa ardhi na kuyapa maji daraja la kulivukia tabaka kwa nje.

Kwa hiyo kabla ya kufikiria dawa yoyote ya dukani, mwenye nyumba na achukue koleo. Udongo, kifusi au vitofali vilivyopanda juu huondolewa hadi ardhi ya nje iwe chini ya tabaka, au, pale ambapo tabaka halipo, chini ya usawa wa sakafu ya ndani kwa kadiri ya milimita 150. Ardhi hiyo husawazishwa kwa mteremko unaoelekea mbali na nyumba, na pale maji ya paa yanapoanguka moja kwa moja chini ya ukuta hutandazwa kokoto ili matone yasiruke na kulowesha lipu. Lipu ya nje inayogusa ardhi hukatwa kwa tindo, ukanda mwembamba ukiachwa wazi chini yake. Chemba za maji machafu zilizo karibu na msingi nazo hufunguliwa na kukaguliwa, kwa kuwa chemba iliyopasuka inaweza kulisha ukuta maji kwa miaka bila kujulikana. Kazi hizi hazina fahari, na hakuna mgeni atakayezisifu, lakini katika nyumba nyingi ndizo zinazomaliza sehemu kubwa ya tatizo.

Baada ya chanzo kuzibwa, hubaki chumvi. Maji yanayopanda huwa yameyeyusha chumvi za ardhini, na yanapofika kwenye uso wa ukuta hukauka na kuziacha; zikiganda chini ya rangi hutanuka na kuisukuma, na baadhi yake huvuta unyevu kutoka hewani hata baada ya chanzo cha maji kukoma, ndiyo sababu ukuta ulioponywa huweza kuonekana umelowa siku za joto la unyevunyevu. Katika miji ya pwani tatizo huzidishwa na mchanga wa bahari uliotumiwa bila kuoshwa, kwani nyumba ya namna hiyo hubeba chumvi tangu siku ilipojengwa. Tiba yake ni kuondoa lipu iliyoathirika yote, hadi sentimita 30 juu ya mstari wa unyevu, na kusugua matofali kwa brashi kavu. Brashi iwe kavu kweli, kwa sababu kuosha ukuta kwa maji huziyeyusha chumvi na kuzirudisha ndani. Vumbi linaloanguka huzolewa na kutupwa mbali. Halifai kuchanganywa tena katika saruji.

Kisha hufuata sehemu ambayo wengi hawana subira nayo, yaani kungoja. Kanuni ya makadirio inayotumiwa na wajenzi ni mwezi mmoja kwa kila milimita 25 za unene wa ukuta, maana yake ukuta wa tofali la inchi 6 waweza kuhitaji takribani miezi sita kukauka sawasawa, ingawa upepo, jua na madirisha yaliyo wazi hupunguza muda huo. Mwenye nyumba asiyeweza kuishi na ukuta uliovuliwa lipu kwa muda wote huo na achague walau mwanzo wa kiangazi kuwa siku ya kubandua, na jaribio la nailoni lirudiwe kabla ya kupiga lipu mpya.

Lipu ya kawaida ya saruji huchanganywa kwa kipimo cha saruji moja kwa mchanga nne hadi tano, na kipimo kiwe ndoo au karai lililojazwa na kusawazishwa, kwa kuwa koleo moja huweza kubeba mara moja na nusu ya koleo jingine na hivyo kuharibu hesabu nzima. Mchanga hupimwa usafi wake kwa kuutia katika chupa angavu pamoja na maji, kutikisa na kuacha utulie kwa saa kadhaa. Tabaka la udongo laini linalojitenga juu likizidi kama sehemu moja kwa kumi ya mchanga, mchanga huo uoshwe au ukataliwe. Jaribio hilo haligundui chumvi, kwa hiyo mchanga wa karibu na bahari huoshwa kwa maji baridi hata ukionekana safi. Ukuta hunyunyiziwa maji kidogo tu, rojo jepesi la saruji na mchanga hurushwa kwa mwiko ili lipu ipate pa kushika, kisha lipu hupigwa kwa tabaka zisizozidi milimita 15 kila moja. Mchanganyiko utumike ndani ya saa moja hivi, na ule ulioanza kushika usifufuliwe kwa kuongezewa maji. Kwa siku saba zinazofuata lipu humwagiliwa, jambo ambalo humshangaza anayefanya kazi hii kwa mara ya kwanza, kwa kuwa ametumia miezi kadhaa kuukausha ukuta huo huo; lakini saruji haishiki kwa kukauka, hushika kwa kuungana na maji, na ikinyimwa maji mapema hubaki dhaifu na yenye nyufa nyembamba kama za tope lililokauka.

Nyumba za mawe ya matumbawe zina kanuni yake, na msomaji anayeishi Mji Mkongwe wa Unguja, Lamu au Mombasa Mji wa Kale asifuate kipimo kilichotajwa hapo juu. Kuta hizo nene zilijengwa kwa chokaa, iliyopatikana kwa kuchoma mawe ya matumbawe hadi yakageuka kuwa chokaa hai, kisha kuizima kwa maji na kuiacha ivunde, na lipu ya chokaa hushika polepole kwa kufyonza hewa ya ukaa. Lipu hiyo ni laini na hupumua, yaani huruhusu mvuke uliomo ukutani kutoka nje. Saruji ikipigwa juu yake hufunga njia hiyo: unyevu hupanda juu zaidi ukitafuta pa kutokea, chumvi hujikusanya nyuma ya saruji, na baada ya miaka michache lipu ngumu hubanduka vipande vizima ikiwa imeng'oa na uso wa jiwe, huku vichwa vya boriti za mikoko vilivyozama ukutani vikioza. Ukuta wa namna hiyo hutengenezwa kwa chokaa na mchanga uliooshwa, na kumalizwa kwa chokaa ya kupaka badala ya rangi za kisasa zinazofunga uso kama plastiki. Anayeshika chokaa avae glavu na miwani, kwa kuwa chokaa huunguza ngozi, na ikiingia machoni huweza kuyapofua. Katika miji iliyohifadhiwa kisheria, kibali cha mamlaka ya uhifadhi hutafutwa kabla ya kugusa kuta za nje.

Kuhusu paa, kosa kubwa ni kupanda na kuziba mahali palipo juu ya doa. Maji yanayopenya bati huteremka juu ya papi na kenchi, na huenda mita kadhaa kabla ya kudondoka kwenye dari, hivyo tundu hutafutwa upande wa juu wa mteremko kuanzia penye doa. Njia iliyo bora ni watu wawili, mmoja akimwagia paa maji kwa mpira kuanzia chini kwenda juu, kipande kwa kipande, na mwingine akiwa darini na tochi. Mara nyingi mkosaji huwa ni msumari ambao mpira wake umekauka na kupasuka kwa jua, na dawa yake ni kuung'oa na kuweka skrubu nene kidogo yenye mpira mpya, juu ya mgongo wa bati na si kwenye bonde lake, ambako maji hupita. Sehemu nyingine za kukagua ni kofia ya paa, bonde la makutano ya mapaa mawili, na maungio ya mabati, ambayo yanapaswa kulaliana walau milimita 150 kwa urefu. Milizamu iliyojaa majani nayo hufurika na kulowesha kichwa cha ukuta, hivyo huzolewa kabla ya masika na kabla ya vuli. Anayenunua bati la kubadilishia akumbuke kwamba hesabu ya geji huenda kinyumenyume, kwamba geji 32 ni nyembamba kuliko geji 28, na bei hafifu mara nyingi huelezeka kwa namba hiyo. Ngazi huegemezwa kwa kiasi cha mita moja kutoka ukutani kwa kila mita nne za urefu. Paa la zamani la asbesto halitobolewi, halikatwi wala halifagiliwi na mtu asiye na mafunzo, kwa kuwa nyuzi zake zikivutwa na pumzi husababisha saratani.

Mabomba hayahitaji maneno mengi. Koki inayodondosha maji kwa kawaida imechoka mpira wake wa ndani: maji hufungwa kwenye valvu kuu, koki hufunguliwa kwa spana, mpira hubadilishwa kwa mwingine wa ukubwa ule ule, na iwapo kiti cha shaba kinachougusa kimelika, koki nzima hubadilishwa, kwa sababu mpira mpya juu ya kiti kilicholika haudumu. Anayedhani tone ni dogo na akinge glasi ya mililita 250: ikijaa kwa saa moja, lita 6 zinapotea kila siku. Maungio ya nyuzi hufungwa kwa tepu nyeupe ya mabomba, inayozungushwa kufuata upande wa kukazia. Bomba la chuma lililozikwa ukutani likianza kutoboka kwa kutu halizibiki kwa muda mrefu, na linapofunuliwa mahali pamoja huonyesha kutu mahali pengine, kwa hiyo ni nafuu kupitisha bomba jipya la plastiki kuliko kulifukuza tundu baada ya tundu. Bafuni, kabla ya kuvunja vigae, kwanza hukaguliwa maungio baina ya vigae, hasa penye pembe na pembezoni mwa tundu la maji machafu, kwa kuwa maji mengi yanayoshukiwa kuwa ya bomba ni ya kuoga.

Mvuke wa hewani ndio wenye tiba rahisi kuliko yote: dirisha la jikoni na la bafu hufunguliwa wakati wa kupika na kuoga, kabati husogezwa sentimita 5 hadi 10 kutoka ukutani, nguo mbichi hazianikwi chumbani, na kuvu iliyokwisha kuota hufutwa kwa maji yenye dawa ya kung'arishia nguo iliyozimuliwa, ambayo haichanganywi kamwe na siki, amonia wala dawa ya choo, kwa kuwa mchanganyiko huo hutoa gesi yenye sumu.

Yapo mambo ambayo mwongozo wa namna hii hauna budi kuyakabidhi kwa wengine. Soketi au swichi iliyomo ndani ya ukuta uliolowa haiguswi kabla ya swichi kuu kuzimwa, na matengenezo yake ni ya fundi umeme mwenye leseni, ambayo Tanzania hutolewa na EWURA na Kenya na EPRA. Ufa mwembamba kama unywele kwenye lipu si wa kuogofya. Ufa unaopita katika matofali, unaokwenda mshazari kutoka pembe ya dirisha, au uliozidi milimita 5, huwekwa alama ya penseli kwenye ncha zake pamoja na tarehe, na ukivuka alama hiyo baada ya wiki au miezi, aitwe mhandisi, hasa katika maeneo yenye udongo mweusi wa mfinyanzi ambao huvimba ukilowa na kunywea ukikauka. Zege la nguzo au boriti linalopasuka kwa kufuata mstari wa nondo nalo ni la mhandisi, kwa sababu nondo iliyoshika kutu huhitaji nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichokuwapo, na hulisukuma zege kutoka ndani. Kulipaka saruji juu ni kuificha kutu ikiendelea kula.

Rangi ndiyo huja mwisho. Lipu mpya ya saruji huachwa wiki nne kabla ya kupakwa, ikitanguliwa na rangi ya msingi inayostahimili ukali wa saruji mbichi. Kwa ukuta uliowahi kuwa na unyevu hutumiwa rangi ya maji isiyo na mng'ao, ambayo hupitisha mvuke uliosalia, na rangi ya mafuta huachiwa milango na madirisha. Mwenye nyumba anayetaka uhakika na aache kiraka cha upana wa kiganja bila kupakwa, chini kabisa nyuma ya mlango, akitazame baada ya masika ya kwanza: kikiwa kikavu na hakina unga mweupe, akipake nacho.